Wino wa Mchezo

Wino niliuchanganya mimi. Watu wamesema mengi tangu siku ile, kwamba tulitumwa, kwamba kikundi kizima kilikaa chini kikapanga. Hakuna aliyepanga. Ni mimi peke yangu, jikoni kwangu, na kijiko cha mbao mkononi, nikitaka kazi yangu isichekwe.

Nimetia rangi vitambaa kwa miaka thelathini na minane. Watu huniletea shuka zilizopauka, mapazia, sare za shule zilizovaliwa na watoto watatu kwa zamu, nami nazirudishia uhai. Katika kazi hii jambo kubwa ni moja: rangi ikamate. Mteja akifua mara moja maji yakageuka mekundu, harudi tena, na mtaa mzima utaambiwa. Nimezoea hivyo hata nikipika chai naitazama kwanza kama imekolea.

Mwenye kikundi cha maigizo ni mjukuu wangu, binti wa mwanangu. Mchana yuko kwenye duka la kutoa nakala, jioni anakusanya watu wake wafanye mazoezi. Mmoja wao ni kinyozi wa kona. Yeye huigiza diwani, na anamwigiza vizuri mpaka watu wakienda kunyolewa wanamwambia, "Mheshimiwa, punguza pembeni, lakini usiahidi tu."

Mchezo wao hauendi kama michezo mingine. Ukifika mahali pabaya, mjukuu wangu anapuliza filimbi, na waigizaji wote wanaganda walivyo, hata kama mmoja ameinua mguu. Kisha anawageukia watazamaji. "Haya, nani angefanya tofauti?" Ukijibu, umekwisha. Unainuliwa kwenye benchi, unafungwa kitambaa cha kichwa cha mhusika, unaambiwa ucheze wewe sasa. Nimeona wazee wazima wakibishana na kinyozi kana kwamba ni diwani kweli, jasho linawatoka.

Mwaka huu mchezo ulihusu mama mmoja ambaye mumewe anamwambia kura haina maana, na mpambe wa diwani anataka kadi yake ya kura kwa kilo mbili za sukari. Mwisho mama anafika kwenye chumba cha kupigia kura, na hapo watazamaji wote walikuwa waalikwe wapite mmoja mmoja: wachukue karatasi yenye picha ya ndoo na picha ya taa, waweke alama, watumbukize kwenye sanduku, wachovye kidole. Mjukuu wangu alisema mwili ukishafanya jambo mara moja, mara ya pili hauogopi. Naamini hivyo hadi leo.

Siku ya mazoezi walitumia wino wa kalamu. Jirani mmoja aliyekuja kuchungulia akachovya, akalamba kidole, akakifuta kwenye suruali.

"Hii ndiyo kura yenu?" akasema. "Inatoka kwa mate!"

Watu walicheka sana. Nikamwona mjukuu wangu anatazama chini, anakunja karatasi zake taratibu. Nikasema, "Niachieni mimi huo wino."

Nilichukua unga wa rangi ya zambarau, nikauyeyusha kwa spiriti, nikauongezea nguvu kwa njia ninayoijua. Nikajichovya mwenyewe vidole vyote vitano vya mkono wa kushoto. Nikafua kwa sabuni. Nikafua kwa majivu. Nikasugua kwa mchanga. Wapi! Nilifurahi kama mtoto aliyepewa kiatu kipya.

"Bibi, hii inakaa muda gani?" mjukuu wangu akaniuliza.

"Kwenye ngozi, siku tano, sita. Kwenye kucha, mpaka kucha yenyewe ikue."

"Safi. Uchaguzi uko wiki tatu mbele."

Tukacheka wote wawili. Nakumbuka vizuri kwamba tulicheka.

Halafu mambo ya kuomba ukumbi wa kuchezea yakaanza. Ofisi ya diwani ilisema tujaze fomu. Tukajaza. Wakasema hiyo ni ya harusi, kuna ya mikutano. Tukajaza ya mikutano. Wakasema mwenye muhuri yuko likizo. Siku zikapita hivyo, mpaka seremala, ambaye ni mtu wa maneno machache, akasema, "Njooni kwangu. Nitasogeza mbao." Akasogeza kweli, yeye na mkewe, tangu alfajiri, wakafagia takataka za randa, wakapanga mbao chini ziwe viti. Mchezo ukachezwa Jumapili. Kura ilikuwa Jumatano.

Tangu hapo nimejiuliza mara nyingi. Kila mmoja wetu alijua Jumapili ni lini na Jumatano ni lini. Nafikiri tulikuwa na furaha ya kupata mahali, na furaha ilitufanya tusihesabu. Mjukuu wangu alikuwa anaandika mabango. Kinyozi alikuwa anarudia maneno yake. Mimi nilikuwa nachuja wino upite laini.

Sasa niseme habari za wifi yangu, maana hasa ni habari zake.

Ni dada wa marehemu mume wangu. Anakaa nyumba ya tatu kutoka kwangu, na anafua shuka kwenye nyumba ya wageni, shuka arobaini kwa siku, mikono yake ina nguvu kuliko ya wanaume wengi. Hajui kusoma. Umri wote huo alikuwa hajapiga kura hata mara moja. Ukimuuliza, alikuwa na sababu tayari: miguu, shuka, "wataiba tu." Lakini siku moja tukikamua shuka, yeye upande ule na mimi upande huu, aliniambia kweli.

"Wifi, naogopa kushika karatasi juu chini mbele za watu waliosoma."

Mjukuu wangu alimpeleka kujiandikisha akapata kadi. Nami nikamwahidi kwa mdomo wangu: "Nenda, wifi. Hakuna atakayekucheka nikiwepo mimi." Hilo ndilo nililomwahidi.

Jumapili pale kwa seremala palijaa. Wengine walikaa juu ya meza ya kazi, wengine kwenye kitanda ambacho hakijapigwa vanishi. Mpambe wa diwani alipotoa sukari, mjukuu wangu akapuliza filimbi.

"Nani angefanya tofauti?"

Halafu nikasikia sauti nyuma yangu. "Mimi ningechukua sukari."

Alikuwa wifi. Watu wakaangua kicheko.

"Njoo uoneshe, bibi mdogo!" mjukuu wangu akasema, na kabla hajakataa alishafungwa kitambaa. Akasimama mbele ya mpambe, mikono kiunoni.

"Lete sukari," akasema. Akaipokea, akaiweka kwapani. "Haya, kwaheri."

"Na kadi je?" mpambe akauliza.

"Kadi ipi? Mimi nilidhani umeniletea sukari kwa sababu unanipenda."

Pale watu walicheka mpaka mbao zilizoegemezwa ukutani zikaanguka. Wifi mwenyewe alishtuka kwamba amechekesha. Aliendelea na mchezo hadi kwenye chumba cha kura, na hapo akapewa karatasi, na akaishika juu chini. Nilimwona. Kijana mmoja wa mbele naye alimwona, akaanza kumcheka, kicheko kile kingine, kibaya. Kinyozi alikuwa amesimama pembeni kama diwani, hakuwa na la kusema katika sehemu ile. Akachukua karatasi yake, akaipindua juu chini, akaisogeza puani, akakunja uso. "Jamani, mbona mimi ndoo yangu inamwaga maji?" Kicheko chote kikamhamia yeye. Wifi akapata nafasi ya kuigeuza karatasi yake polepole, akaweka alama, akatumbukiza, akachovya kidole. Watu wakampigia makofi. Sijawahi kumshukuru kinyozi kwa jambo lile, na sijui kama anajua kwamba niliona.

Baada yake wakapita wengine. Tuliochovya tulikuwa thelathini na mmoja, pamoja nami. Mimi ndiye niliyeshika kichupa.

Jumatano tulitoka pamoja mapema, wifi na mimi. Alivaa gauni lake la kijani, akapaka mafuta miguuni. Foleni kwenye shule ilikuwa ndefu tayari, imezunguka madarasa mawili. Alisimama mbele yangu. Mkono wake wa kulia ulikuwa umeshika kadi, na wa kushoto ulikuwa unahesabu watu kimya kimya, kidole kwa kidole. Hata wakati ule sikuona. Niliuona ule mkono, nikaona ile kucha ya zambarau, na kitu pekee nilichowaza ni, tazama ilivyokamata.

Mlangoni alikaa karani kijana. "Mikono," akasema.

Wifi akaonesha mikono yote miwili, kwa fahari.

Karani akatazama, akatazama tena. "Mama, umeshapiga kura."

"Nani, mimi? Ndiyo nimefika."

"Una wino."

"Huu ni wa mchezo."

"Mchezo gani? Kura siyo mchezo, mama."

Ndani walikaa mawakala wa wagombea. Yule wa diwani akasimama kwenye kiti chake. "Huyo anataka kupiga mara mbili! Andikeni jina lake!" Na nje kwenye foleni neno lilishaanza kutembea, kama linavyotembea. "Nini?" "Kuna mama amepiga mara mbili." "Kumbe ndiyo hawa!" Mwanamume mmoja nyuma akapaza sauti, "Mwizi wa kura!" Na wengine wakaitikia kwa kumzomea.

Nilifungua mdomo. Naapa nilifungua. Lakini nilikuwa natazama mikono yangu mwenyewe, kucha tano za zambarau, na ulimi haukuinuka. Ilikuwa muda mfupi tu, labda wa mtu kushusha ndoo na kuipandisha tena. Wifi alinigeukia. Alinitazama akingoja niseme. Kisha akakunja kadi yake kwenye mfuko wa plastiki, akapita katikati ya watu, akaenda zake. Mama mmoja nisiyemjua alitoka kwenye foleni akamsindikiza mpaka getini, akiwa amemshika begani. Mama yule nisiyemjua alifanya kilichonipasa mimi.

Ndipo sauti ikanijia. Nikamwambia karani, "Mwanangu, niitie mkubwa wako."

Msimamizi wa kituo alikuwa mama wa makamo, miwani imefungwa kwa uzi. Akatoka, akaniona nilivyoegemea ukuta, akavuta kiti cha mtoto wa shule, akanikalisha kwanza kabla hajaniuliza lolote.

"Wino huo nimeupika mimi," nikasema. "Kwa ajili ya maigizo. Tuliwafundisha watu kupiga kura. Tuko thelathini na mmoja."

Akavua miwani. "Bibi. Mliwapaka watu wino siku tatu kabla ya uchaguzi?"

"Ndiyo."

"Wino usiotoka?"

"Hautoki," nikasema, na Mungu anisamehe, hata pale nilisikia kidogo cha majivuno.

Mjukuu wangu akafika anakimbia, mabango bado yako kwapani. Nyuma yake alikuja fundi viatu, naye ana kidole cha zambarau, amekataliwa kituo kile kile dirisha la pili. Alikuwa anafoka.

"Mmetumwa na diwani nyinyi! Mmetuchovya kama biskuti ili tusipige kura! Anawalipa kiasi gani?"

"Hakuna aliyetutuma, baba," mjukuu wangu akasema.

"Kinyozi wenu anamwigiza mpaka amekuwa yeye!"

Na wakala wa diwani kutoka ndani anasema sisi ni wapinzani, tumewapaka watu rangi ya kuchanganya maafisa ili wapige mara mbili. Kwa hiyo tulikuwa wezi pande zote mbili. Mjukuu wangu hakulia. Midomo yake ilikuwa imekauka tu. Askari wa mlangoni, bila kusema neno, akampa chupa yake ya maji.

Nikamwambia msimamizi, "Mama, mlete hapa mtu aliyepiga kura asubuhi hii. Nami nisimame juani naye."

Akamwita karani, ambaye alikuwa amepiga wa kwanza. Tukasimama nje ya kivuli cha ukuta, kidole chake kando ya changu.

"Tazama," nikasema. "Wino wenu ukipigwa na jua unageuka mweusi, unaelekea kahawia. Wa kwangu unabaki zambarau, na pembeni ya kucha unaonesha wekundu. Mimi kazi yangu ni rangi. Hizi mbili hazifanani hata kidogo."

Msimamizi aliinama akatazama kwa muda mrefu. Akamwita wakala wa diwani atazame, na wakala wa mpinzani wake atazame. Kisha akafungua daftari la wapiga kura, akatafuta jina la wifi kwa rula, mstari kwa mstari. Halikuwa limekatwa. La fundi viatu halikuwa limekatwa.

"Nakuamini, bibi," akasema. "Lakini kuamini kwangu hakutoshi. Kanuni inasema kidole chenye wino hakipewi karatasi. Lazima nipige simu."

Alipiga simu saa tatu asubuhi. Alipiga tena saa nne, na saa tano, kila mara anaambiwa asubiri mkubwa mwingine. Waliokuja na vidole vya zambarau walikuwa wanarudishwa mmoja mmoja, na kila mmoja alinipita pale kwenye kiti changu kidogo. Wengine walinisalimu. Bibi mmoja anayeuza vitumbua alinipa mkono akasema, "Ilikuwa nzuri lakini, ile Jumapili." Wengine hawakusalimu. Sikuhama. Niliona ni haki yao kunipita.

Jibu lilikuja saa nane mchana. Wenye wino wa zambarau ambao majina yao hayajakatwa wapige kura, watie sahihi fomu, wachovye kidole cha mkono mwingine.

"Haya, bibi, ingia wewe kwanza," msimamizi akaniambia. "Umekaa hapa tangu asubuhi."

"Nitapiga mwisho," nikasema. "Wenzangu kwanza."

"Bibi, piga sasa!" mjukuu wangu akasema. "Itachukua dakika mbili."

"Nimesema mwisho."

Akanitazama, akajua hasemi na bibi yake tena, anasema na jiwe. Akaandika majina kwenye mgongo wa bango, wakagawana na kinyozi na seremala, wakaenda nyumba kwa nyumba. Kinyozi alifunga duka lake siku ambayo angepata wateja wengi kuliko mwezi mzima. Mimi nikachukua jina moja tu.

Wifi alikuwa nyuma ya nyumba, amekaa kwenye ndoo aliyoipindua. Mbele yake palikuwa na beseni la dawa ya kung'arishia shuka, na mkononi jiwe la kusugulia miguu. Kidole chake kilikuwa kimechubuka, damu inachuruzika, na katikati ya damu bado zambarau ilikuwepo.

"Wifi, acha."

Hakuinua kichwa. "Mimi ni dobi," akasema. "Nimetoa damu kwenye shuka. Nimetoa mafuta ya gari. Hakuna kitu kilichonishinda. Hiki umeweka nini?"

Nikakaa chini kwenye saruji, nikamwondolea lile jiwe mkononi. Akaliachia.

"Wamekubali," nikasema. "Unaweza kupiga."

"Sitaki."

"Jina lako halijakatwa. Nimeliona."

"Sitaki, wifi. Wamenizomea watu ambao nafua mashuka ya wageni wao. Umesema hakuna atakayenicheka."

"Nilisema."

"Ulikuwepo."

"Nilikuwepo."

"Ukanyamaza."

Nilitafuta maneno ya kujitetea, na yalikuwepo, maneno ya kujitetea hayakosekani. Lakini alikuwa anasema kweli. "Nilinyamaza," nikasema. "Niliogopa. Niliona mikono yangu nikaogopa kwa ajili yangu mwenyewe. Nisamehe."

Nikararua kipande cha upindo wa gauni langu la ndani, nikamfunga kile kidole. Akaniachia nikifunge. Tukakaa. Maji ya bomba la jirani yalikuwa yanadondoka kwenye karai, na kivuli cha kamba za nguo kilisogea kutoka kwenye miguu yake mpaka kwenye yangu. Sikumharakisha. Wifi ukimsukuma anakuwa mzito, namjua kwa miaka arobaini na minne.

Baadaye akauliza, "Wewe umempigia nani?"

"Bado sijapiga."

Ndipo akainua kichwa. "Hujapiga? Saa hizi?"

"Nilisema nitapiga mwisho."

"Saa ngapi wanafunga?"

"Saa kumi na moja."

Akainuka akachungulia saa ya ukutani kupitia dirishani. Saa kumi na nusu. "Wewe mwanamke una wazimu," akasema. "Na magoti hayo? Simama! Simama twende, usije ukaniambia ni mimi niliyekukosesha."

Akafunga kitambaa kichwani. Akachukua kadi yake kwenye mfuko wa plastiki. Akaninyanyua kwa mkono mmoja, kama anavyonyanyua shuka zilizoloa.

Njia ya kwenda shuleni ni kilima kidogo, watu wenye afya hawakioni. Mimi nakiona. Tulipofika kwenye duka la unga nilikuwa nahema. Tulipofika kwenye transfoma ya umeme goti la kulia likakataa kabisa. Kutoka pale geti linaonekana, na niliona askari ametoka nje, anatazama saa yake.

"Tangulia," nikamwambia.

"Siendi bila wewe."

"Wifi, nisikilize. Asubuhi ulinisubiri mimi niseme, sikusema. Sasa nasema. Tangulia."

Alisimama kidogo. Kisha akakimbia. Sikuwahi kumwona wifi yangu akikimbia tangu tukiwa wasichana. Gauni amelishika juu, kidole kile chenye kitambaa amekiinua kama mtu anayeomba ruhusa darasani, na anapiga kelele, "Mimi ni wa wino! Mimi ni wa wino!" Askari akamshikilia geti. Akaingia. Askari akanitazama mimi kule chini, akatazama saa, akangoja. Alingoja kupita alivyopaswa, nilimwona. Lakini wakala wa diwani alikuja akasimama kando yake, akaonesha saa yake pia, na geti likafungwa nikiwa bado mbali hatua kama sitini.

Nilifika nikashika nondo za geti. "Samahani, bibi," askari akasema, na aliona aibu kweli.

"Umefanya vizuri, mwanangu."

Kupitia nondo niliona mlango wa darasa. Niliona wifi anaonesha mikono bila kuulizwa. Niliona msimamizi anamfungulia kile kitambaa polepole, anatazama damu, anakifunga tena vizuri kuliko nilivyofunga mimi. Akampa karatasi. Wifi akaipokea, akaitazama, akaigeuza, akaitazama tena, na akaingia nayo nyuma ya pazia. Alikaa kule ndani muda mrefu. Hakuna aliyecheka. Hakukuwa na watu wa kucheka, walishaondoka.

Alipotoka na kukuta niko nje ya geti, uso ulimbadilika. Alimgeukia askari. "Huyu ndiye aliyenileta! Mfungulie!" Akamrudia msimamizi. "Mama, ni dakika ngapi hizo? Mpe dakika zangu mimi!" Msimamizi akatikisa kichwa kwa huzuni. Sheria ni sheria, na mchana ule sheria ndiyo iliyotuokoa, nisingeweza kuilaumu jioni.

Mjukuu wangu akaja na bango lake. Alikuwa amechoka, vumbi limempanda mpaka magotini. Alikuwa ameweka alama mbele ya majina. Kati ya thelathini na mmoja, ishirini na mmoja walipiga. Kumi hawakupiga. Watatu hawakupatikana nyumbani. Mmoja alikuwa kazini, mwajiri wake alikataa kumtoa mara ya pili. Watano walisema hawarudi mahali walipozomewa, na mmoja wao alikuwa fundi viatu, aliyemfungia kinyozi mlango usoni.

"Na wa kumi?" nikauliza.

"Wa kumi ni wewe, bibi."

Diwani alishinda, kwa tofauti kubwa, kwa hiyo kura zetu kumi zisingembadilishia kitu. Watu wameniambia hivyo wakidhani wananifariji. Wale kumi hawakuja pale kwa seremala ili wahesabiwe hivyo.

Tulirudi polepole, wifi amenishika kiunoni. Mjukuu wangu alitangulia mbele kidogo, hakutaka tumwone uso. Kwenye kona ya duka la kinyozi mtu mmoja alitusonya, mwingine akasogeza benchi nikapumzike.

"Wale tisa," wifi akasema. "Unafanyaje nao?"

"Nitaenda kwao mmoja mmoja. Niwaombe radhi."

"Lini?"

"Kesho."

"Kesho nina shuka arobaini." Akafikiri. "Nitaanza alfajiri, nimalize saa nne. Tunaanza na nani?"

"Fundi viatu."

"Yule atafoka."

"Acha afoke," nikasema. "Mimi nitakaa nimsikilize."

Wifi akanishika vizuri zaidi, tukainuka kwenye benchi, tukaendelea kushuka.